Mnyoo Haukujua Jina la Anouar

Adija alikuwa ameshika sinia la vikombe vya chai pale mumewe aliposimama katikati ya sebule, mbele ya wageni, na kumnyooshea kidole.

"Musikunywe chai ya uyu mwanamuke," alisema Massoudi. "Ndiye aliua mutoto wangu. Alimutuma Anouar kwenye mvua akafe."

Wageni walikuwa watu saba, wamekuja Jumapili ile baada ya alasiri kumposa Sumaya, binti wa nyumba, kwa ajili ya kijana wao Faruk. Mjomba wa Faruk ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuomba dua, viganja bado viko wazi magotini. Mama yake Faruk alikitazama kikombe alichokwisha kukishika, akakirudisha taratibu kwenye kisahani. Adija alibaki amesimama na sinia lake.

Kisha mdomo wa Massoudi ukavutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ukaanza kuruka wenyewe, macho yakapanda juu, na mwili wake wote ukaanguka juu ya meza ya visheti. Vikombe vilivunjika. Shakuru, kaka yake mkubwa, alimrukia na kumshika kichwa, huku akimsomea aya kwa sauti. Wageni waliondoka bila kuaga vizuri, kila mmoja akitafuta viatu vyake mlangoni kama anayetoka kwenye nyumba inayoungua.

Adija alizaliwa mtaa wa Buyenzi, kwenye nyumba ileile babu yake aliyoijenga alipohamia kutoka Ujiji. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye mwenyewe kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akipika chakula cha mchana chini ya bati, kwenye barabara ya magaraji. Wali, maharage, ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, mboga ya lengalenga, na kachumbari ya kabichi. Mafundi walikuja na mikono ya grisi, akawaelekeza kwenye ndoo ya maji na sabuni, na asiyenawa hakupewa sahani. Hivyo ndivyo alivyojulikana: Mama Sumaya, yule anayekagua mikono.

Massoudi alikuwa fundi wa breki, mtu mpole, mwenye utani wa chinichini. Walikuwa na watoto wawili. Anouar, wa kwanza, alikufa akiwa na miaka tisa. Wakati huo Massoudi alifanya kazi kwenye garaji moja ng'ambo ya mto Ntahangwa, na siku zisizo za shule Anouar ndiye aliyempelekea chakula kwa njia ya mkato. Siku ile mbingu ilikuwa nyeusi upande wa milimani, lakini Buyenzi kulikuwa kukavu. Adija alimfungia mtoto bakuli kwenye kitambaa, akamwambia aende mbio. Mvua ikashuka, mto ukafurika, ukabomoa kingo zake. Walimpata kesho yake, chini karibu na ziwa. Massoudi alisema alingoja chakula mpaka saa tisa, na mtoto hakufika.

Kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyemlaumu Adija. Yeye mwenyewe ndiye aliyejilaumu, kila mvua ilipoanza kugonga bati. Kwa hiyo aliposikia lawama ile ikitoka mdomoni mwa mumewe, mbele ya wakwe watarajiwa, kilichomgutusha zaidi hakikuwa aibu. Ilikuwa ni kama mtu amemsomea kwa sauti barua aliyoificha chini ya godoro.

Mambo yalikuwa yameanza miezi mitano nyuma. Massoudi alianza kutukana wateja. Alimrushia mwanagenzi spana. Siku moja alikojoa mbele ya garaji, mchana kweupe, watu wakipita, kisha akacheka. Mtu aliyekuwa hawezi hata kuvua shati mbele ya mashemeji! Shakuru alisema ni jini, na baada ya kisa cha posa hakuna aliyembishia. Massoudi akasomewa kisomo wiki sita, akanyweshwa maji ya zafarani, akafukizwa. Jini likapewa mpaka jina. Lakini kifafa kilizidi, mara mbili kwa wiki, kisha mara nne.

Sumaya ndiye aliyesema basi. Alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, mkimya kama baba yake wa zamani. "Ba mukubwa," alimwambia Shakuru, "kisomo kiendelee, sikikatazi. Lakini kesho tunaenda ku skaneri."

Daktari aliitwa Huguette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Alibandika picha za kichwa cha Massoudi kwenye kioo chenye taa, na Adija, Sumaya na Shakuru wakasimama nyuma yake. Massoudi alikaa kwenye kiti, amechoka. Kwenye picha kulikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, kila kimoja na nukta nyeupe katikati. Huguette alivihesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja. Vingi vilikuwa mbele, nyuma ya paji la uso.

"Hivi ni vitoto vya mnyoo," alisema. "Tegu wa nguruwe."

Adija alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Sumaya, na Sumaya aliinamisha macho. Shakuru ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Astaghfirullah. Ya nguruwe? Mu kichwa ya mudogo wangu?"

"Ndiyo, muzee."

"Massoudi!" Shakuru alimgeukia. "Ulikula wapi? Sema mbele yetu. Ulikula akabenzi, nyama ya nguruwe, mu bar gani?"

Massoudi alijaribu kusimama, akakaa tena. Machozi yalimtoka bila sauti. "Mi sijakula nguruwe hata siku moja. Wallahi, kaka. Hata harufu yake sijue."

"Nisikilizeni," alisema Huguette, na safari hii upole ulipungua. "Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva, mnyoo unamkaa tumboni. Anakwenda chooni, mayai yanatoka. Asiponawa mikono, mayai yanaingia kwenye maji, kwenye mboga, kwenye mkono anaokupa wewe. Wewe unayameza, yanapasuka, yanapita kwenye damu mpaka kichwani. Huyu bwana hakuhitaji kula nguruwe. Alihitaji tu kula kabichi mbichi isiyooshwa vizuri."

Kabichi. Mikono. Aliona kachumbari yake ya miaka ishirini na mitatu ikipita mbele ya macho, sahani baada ya sahani. Kumbe hata hili ni mimi? Aliuliza kwa sauti ndogo kama chakula chake ndicho. Huguette alisema hawezi kujua, pengine ni maji, pengine ni mahali pengine miaka mingi nyuma, na akaagiza nyumba nzima wapimwe choo.

Kisha akamwuliza Massoudi kazi yake, na aliposikia ni breki, akatabasamu kidogo. "Basi utanielewa. Hapa mbele ya ubongo ndipo breki za mtu zilipo. Matusi, hasira, kukosa haya. Hizo nukta zimekaa hapohapo. Si jini, na si tabia yako."

Massoudi alifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa kwikwi. Adija alimwelewa. Kwa zaidi ya miezi sita mtu huyu alikuwa akiamka kila asubuhi akisimuliwa uchafu alioufanya jana.

Lakini maneno ya hospitali hayafiki mtaani yakiwa mazima. Baada ya siku mbili Buyenzi ilikuwa imebakiza neno moja tu: nguruwe. Mtu aliandika *akabenzi* kwa mkaa kwenye mlango wa garaji. Chini ya bati la Adija, ambapo watu walikuwa wakigombea benchi, walikuja mafundi wawili, na mmoja wao alikunywa chai tu. Mwanamke jirani aliyekula kwake tangu ujana alivuka barabara ili wasikutane.

Vipimo vya choo vilirudi. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na mnyoo, si Adija, si Sumaya, si Massoudi mwenyewe. Huguette aliandika karatasi, akaeleza ugonjwa unakotoka na usikotoka, na imamu wa msikiti wao, mzee asiyependa maneno mengi, aliisoma baada ya swala ya Ijumaa. Alimaliza kwa kusema, "Anayemushitaki Muislamu kwa kitu hakufanya, na yeye aende kupimwa." Watu walicheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko karatasi. Jumatatu mafundi tisa walirudi kwenye benchi. Adija aliwapikia bila kachumbari.

Massoudi alilazwa siku kumi na mbili, maana minyoo ikifa kichwani huvimbisha ubongo, na dawa ya kuua lazima iende na dawa ya kutuliza. Kila mchana Adija alipanda basi la Kamenge kwenda hospitali akiwa na chakula. Siku ya kumi alimkuta mumewe amekaa kitandani anamtania muuguzi, kwa sauti ileile ya chinichini. Alisimama mlangoni, akamsikiliza. Vidonge! Wiki sita za moshi hazikufanya chochote, na vidonge vyeupe vimemrudisha mtu ambaye Adija alikuwa amekwisha kumzika moyoni. Alitoka nje, akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu na Huguette kwa pumzi moja.

Watu wa Faruk walituma salamu. Mama yake Faruk aliuliza jambo moja tu: ugonjwa huu ni wa damu, utakuja kwa wajukuu? Huguette alisema hapana, na posa ikarudi, na siku ya ndoa ikapangwa.

Massoudi alirudi kazini akiwa mtu mwepesi. Aliwatafuta wote aliowakosea, akamwambia kila mmoja, "Haikuwa mi. Ilikuwa ile mnyoo." Mwanagenzi alisamehe. Wateja walisamehe, wengine kwa kucheka. Asubuhi moja alikuja jikoni, Adija akichambua maharage, akasimama karibu na mlango.

"Mama Sumaya. Ile maneno wanasema nilikuambia siku ya posa. Mi siyakumbuke. Lakini unajua haikuwa mi. Ilikuwa ile mnyoo."

Adija hakuinua kichwa. Alitenga jiwe dogo, akaliweka pembeni. Alitaka kusema nimesikia, yamekwisha, na mdomo ukafunguka kwa hilo. Kilichotoka ni kingine.

"Mnyoo ulijua jina la Anouar?"

Massoudi aliegemea fremu ya mlango.

"Dokta alisema ilikata breki," alisema Adija. "Sawa. Nakubali. Lakini ile maneno ilikuwa tayari mu gari, Baba Sumaya. Ni nani aliipakia?"

Alipoinua macho alishtuka. Mumewe alikuwa amegeuka rangi kama mtu aliyeona maiti. Alitoka, na tangu siku hiyo akaanza kunyauka. Matusi hayakurudi, kifafa hakikurudi, lakini chakula kilimshinda. Alikaa kwenye garaji akiwa ameshika kifaa mkononi bila kukitumia. Usiku alilala macho wazi. Sumaya aliogopa minyoo imefufuka, wakarudi kwenye skaneri.

Huguette alizitazama picha mpya kwa muda mrefu. Vile vishimo vilikuwa vimekauka, vimebaki madoa madogo magumu. "Ni safi kuliko nilivyotarajia," alisema. Kisha akamtazama Massoudi, macho yaliyoingia ndani, mashavu yaliyoshuka. "Nitawaambia ukweli. Picha hii inaniambia minyoo imekufa. Haiwezi kuniambia muzee anawaza nini. Naweza kumpa dawa ya usingizi, lakini sitaki kujidanganya kwamba ndiyo itakuwa jibu. Mwende kwa Geneviève."

Geneviève alikuwa mwanasaikolojia, mwanamke wa Uvira aliyevuka mpaka na watoto wake miaka ya nyuma na kubaki. Alipokea wagonjwa kwenye chumba chenye viti vitatu vya plastiki nyuma ya hospitali. Hakuwa na mashine. Aliwauliza kuhusu Anouar, akangoja. Alhamisi ya kwanza Massoudi hakusema kitu. Ya pili alisema juu ya minyoo. Ya tatu alilia. Adija alikuwa akitazama saa, akifikiria masufuria yake.

Alhamisi ya nne Massoudi alisema, bila kuulizwa, akitazama sakafu:

"Alifika."

"Nani, papa?" aliuliza Geneviève.

"Anouar. Siku ile. Alifika ku garaji na chakula. Nilikula."

Adija alimgeukia. Alishika ukingo wa kiti.

"Mvua ilikuwa imeanza," aliendelea Massoudi. "Aliniomba angoje ikatike. Kulikuwa muteja mukubwa, gari yake iko juu ya jeki, anapiga makelele. Mutoto alikuwa anashikashika vyombo, akaangusha boulon ya gurudumu mu mufereji. Nikakasirika. Nikamupiga kofi. Nikamwambia toka hapa, rudi kwa mama yako." Alifikicha viganja vyake. "Nilimufukuza, Adija. Kisha watu wakakuja kuniuliza, nikasema hakufika. Na nikisha kusema, singeweza tena kurudisha. Kila mwaka nilikuwa najiambia: mama yake angekuwa hakumutuma, asingekufa. Nilijiambia mpaka nikaiamini."

Nje mtu alikuwa akifagia. Adija aligundua amesimama. Miaka kumi na miwili alikuwa akimwona mawazoni mtoto wake akizama akiwa na bakuli lililojaa mkononi. Sasa ilibidi ayavunje yote na kuyapanga upya: mtoto aliyefika, mtoto aliyepigwa kofi, mtoto aliyekuwa anarudi kwake. Alitafuta swali, na kati ya maswali yote ya dunia, lililokuja lilimshangaza mwenyewe.

"Alikula?"

"Nini?"

"Anouar. Alikula, ama ulikula peke yako?"

Massoudi aliinua macho kutoka sakafuni. "Nilimubakizia vipande viwili vya nyama. Alikula amesimama."

Adija alitoka. Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake, mtaa wa Mutakura, akiwa na nguo alizovaa tu, na kazi ya kupika akamwachia Sumaya. Kwa siku tatu hakusema sababu. Siku ya nne alisema, na dada yake alipiga ukelele uliowaita majirani.

Shakuru alimfuata huko, amevaa kanzu safi, amejiandaa. "Shemeji, mugonjwa anasamehewa. Hata sheria inasema. Akili haikuwa yake."

"Ugonjwa wake niliusamehe siku ile dokta alituonyesha picha," alisema Adija. "Nilimupelekea chakula, nilimuosha. Hii ingine si ugonjwa, shemeji. Miaka kumi na mbili alikuwa muzima kabisa, na alinitazama nikilia, akanyamaza."

Shakuru, mzee mwenye majibu yote, alikaa akikunja na kukunjua pindo la kanzu. Alipoinuka aliuliza anataka nini.

"Alinishitaki mbele ya watu. Asiseme kweli ndani ya chumba cha Geneviève peke yake. Aseme mbele ya watu walewale."

Jumapili, wiki mbili kabla ya ndoa, watu walewale saba waliitwa kwenye sebule ileile. Wengi walidhani ni mambo ya mahari. Massoudi alisimama na kusema yote, kofi na boulon na uongo, bila kuutaja mnyoo hata mara moja. Sumaya alikuwa hajaambiwa. Alimtazama baba yake kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akaondoka chumbani, na Faruk akaacha wazee wake na kumfuata uani. Mjomba wa Faruk alishika kichwa. Mama yake Faruk alitoka kitini, akaja kukaa sakafuni karibu na Adija, akamshika mkono. Adija hakujisikia ameshinda. Alijisikia baridi.

Ndoa ilifungwa. Sumaya alikubali baba yake awepo, lakini aliyemshika mkono na kumwozesha ni Shakuru.

Adija ana miaka hamsini na moja sasa. Alirudi kwenye nyumba ya babu yake, maana ni yake, na analala kwenye chumba kilichokuwa cha Sumaya. Massoudi analala kwingine, anameza kidonge cha kifafa asubuhi na jioni, na daktari amesema huenda atakimeza maisha yake yote. Watu wanapomwuliza Adija kama amesamehe, anasema hajui, na anasema kweli. Siku nyingine anamwekea sahani, siku nyingine anamwacha ajipakulie.

Ila Alhamisi bado wanapanda basi pamoja kwenda kwa Geneviève. Adija ndiye anayeuliza maswali siku hizi. Amegundua kwamba kulikuwa na sehemu ya maisha ya mwanawe asiyoijua, pengine nusu saa, tangu alipoingia garaji mpaka alipotoka, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeiona. Anaidai kidogokidogo. Alikuwa amelowa kiasi gani. Alisema nini alipoingia. Wiki iliyopita Massoudi alikumbuka kwamba mtoto alikuja akicheka, kwa sababu njiani aliona mbuzi amepanda juu ya lori na mwenye lori anashindwa kumshusha.

"Mbuzi wa rangi gani?" aliuliza Adija.

Massoudi alifumba macho, akajaribu kukumbuka, na Adija akamngoja.